Mbele ya Mwata, Nani Aseme "Mimi"?

Nimewaketisha watu wanne kwenye mchanga wa Kashikishi, pale Nchelenge, kando ya ziwa Mweru upande wa Zambia, jioni moja ya Julai, wakati wavuvi wa chisense, samaki wadogo wa ziwa, wanakagua taa zao kabla ya kuingia ziwani. Sauti nimezipanga mwenyewe. Ugomvi ni wangu, na umeninyima utulivu tangu nilipoanza kusoma habari za baraza la Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula.

KIJANA ni mwanachuo aliyerudi likizo. MWALIMU anafundisha historia. MAMA PWETO ni mchuuzi anayevuka ziwa kutoka Kongo na vitenge, akarudi na samaki wakavu. Ni kwa ajili yake mazungumzo yanakwenda kwa Kiswahili. BASHIKULU ni mzee wa Washila, wavuvi waliokuwa na ziwa hili kabla ya Walunda. Jina analoitwa katika ukoo wake si alilopewa alipozaliwa. Alilirithi kwa mjomba, na mjomba alilirithi kwa mwingine.

KIJANA: Kuna watu Marekani, walianza mwaka 1966 kule Berkeley, California. Wanakutana na kuishi siku mbili tatu kama watu wa kale. Si mchezo wa kuigiza wenye watazamaji, maana kila aliyepo yumo. Kila mmoja anajitengenezea nafsi: jina, mwaka wa kuzaliwa, mji, kazi, anachokula, anachokiogopa. Wapo wanaopenda kuwa watu wa ikulu za Italia, enzi ya Renesansi. Mimi nataka kutengeneza nafsi kama hiyo. Nimeshasoma kitabu kikuu cha ikulu hizo, cha Castiglione, kilichochapwa Venice mwaka 1528. Kinamfundisha mtu wa ikulu namna ya kusema, kucheza ngoma, kupanda farasi na kumshauri mkubwa wake bila kumuudhi.

MAMA PWETO: Na utavaa nini?

KIJANA: Koti la mahameli, Mama. Jeusi. Castiglione anapenda nyeusi.

MWALIMU: Hujakosea kitabu, ila nadhani umekosea barabara. Ukitoka hapa ukafuata lami kwenda kusini, hufiki kilometa mia kabla hujaingia Mwansabombwe. Hapo kuna baraza la mfalme ambalo Wareno walilifikia mwaka 1798, wakarudi 1831. Mwishoni mwa mwezi huu Mwata atacheza Mutomboko, upanga mkono mmoja na shoka mkono mwingine. Wewe unatafuta ikulu kule Urbino, Italia?

KIJANA: Lakini Mwalimu, Renesansi ni karne ya 15 na 16. Walunda wa Kazembe walitua bonde la Luapula karibu mwaka 1740. Haviingiani.

MWALIMU: Miaka haiingiani, kweli. Lakini hebu sikiliza Gamitto alivyoandika, afisa Mreno aliyefika mwaka 1831. Alimkuta Mwata ameketi juu ya ngozi za chui, kichwani kofia ndefu ya manyoya mekundu, juu yake miavuli saba ya rangi mbalimbali. Kiunoni mukonso, nguo iliyokunjwa mikunjo mingi na kubanwa kwa kipande cha pembe ya ndovu, pamoja na mkanda wa ngozi ya ng'ombe. Mreno yule alikuja akitarajia kudharau, akajikuta anaeleza utaratibu, usafi na madaraja ya watu ukurasa baada ya ukurasa. Kila mtu na mahali pake pa kukaa. Kila anayeingia anajipaka vumbi kifuani na mikononi, anapiga makofi, ndipo anasema. Hicho ndicho kitabu chako cha adabu za ikulu, na hakikuhitaji mahameli.

Naingilia kidogo hapa, maana Kijana hakuchagua Castiglione kwa upuuzi. Castiglione aliweka mazungumzo ya kitabu chake katika jioni nne za mwaka 1507, kwenye ikulu ya Duki Guidobaldo kule Urbino. Duki alifariki mwaka uliofuata, na kitabu kilipochapwa wengi wa wale waliokuwa wakicheka katika ukumbi ule walikuwa wamekwisha zikwa. Mwandishi anawaomboleza mwanzoni kabisa. Nakisoma kama kitabu cha mtu aliyepoteza nyumba yake, akaijenga upya kwa sauti za wafu. Sioni aibu kijana wa Nchelenge kuvutwa na jambo hilo. Watu wa ziwa hili wanaujua msiba wa aina hiyo: mwaka 1899 Waingereza waliuchoma moto mji wa Mwata, na yeye akakimbia.

BASHIKULU: Nimewasikia wote wawili. Sasa niulize mimi. Huyu mjukuu wangu akishavaa hiyo nafsi, atasemaje? Atasema "yule alikwenda" au "mimi nilikwenda"?

KIJANA: "Mimi," Bashikulu. Huo ndio utamu wake.

BASHIKULU: Ndipo tatizo lilipo. Mimi ninaposimama mbele ya ukoo nikasema "Nilikuja na mtumbwi, nikakuta kisiwa cha Kilwa hakina mwenyewe, nikatega nyavu," siigizi. Aliyefanya hayo alikufa kabla babu ya babu yangu hajazaliwa, lakini jina ni langu, na mke wake ni bibi wa ukoo wangu, na deni lake nalilipa mimi. Mwenye jina la shemeji yake akipita hapa namtania kama shemeji, hata kama ni mtoto wa shule. Hiyo "mimi" nilipewa mbele ya watu. Nilinyolewa na nikakalishwa. Wewe yako umepewa na nani?

Wasiotoka Luapula watadhani mzee anasema kwa mafumbo. Hasemi. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyeishi bondeni hapa na kuandika kitabu juu ya watu wa Luapula mwaka 1959, alishangazwa na jambo hilihili: wazee walimsimulia mambo ya karne nyuma kwa nafsi ya kwanza, na ilimchukua muda kujua kwamba msemaji hazungumzii maisha yake ya juzi. Anayekufa anaacha jina kama anavyoacha mtumbwi, na ndugu anaingia ndani yake. Kwa hiyo undugu wa watu wawili waliokaa na kugombana mwaka 1780 unaweza kuwa bado uko hai leo kati ya dereva wa basi na karani wa mahakama. Wamarekani wa Berkeley hutumia miaka kujishonea nafsi ya kale. Hapa nafsi ya kale inakujia nyumbani, ikuombe mahari.

Hata kitabu kikuu cha historia ya Walunda wa Kazembe kimebeba alama hiyo. Kilitoka mwaka 1951 na kinaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani mababu zangu na watu wangu. Aliyekiandika, Mwata Kazembe wa 14, Shadreck Chinyanta Nankula, hakuhitaji kueleza "zangu" ni za nani.

KIJANA: Bashikulu, hata hao Wamarekani wana mwiko. Hairuhusiwi kujiita mtu aliyekuwepo kweli. Huwezi kuwa Duki wa Urbino wala Leonardo. Unabuni mtu ambaye angeweza kuwepo. Nami sitagusa jina la mtu yeyote. Nitakuwa mtu asiyejulikana katika baraza la Mwata, mwaka 1831.

BASHIKULU: Katika baraza la Mwata hakuna mtu asiyejulikana. Utakaa wapi? Ukikaa upande huu, umesema wewe ni wa ukoo wa wana wa mfalme. Ukikaa kule, umesema wewe ni wa wale waliomfuata Ng'anga Bilonda, Kazembe wa kwanza, kutoka kwa Mwata Yamvo, mfalme mkuu wa Walunda. Ukikaa katikati utaondolewa. Hata hapo mchangani ulipokaa sasa, chini yangu, umeshasema wewe ni nani.

MWALIMU: Hapo mzee ameshika penyewe. Urbino unaweza kuingia kwa ustadi. Castiglione anamtaka mtu wake awe mwungwana wa kuzaliwa, lakini akishaingia, kinachompandisha ni ufundi: kufanya jambo gumu lionekane halina jasho. Kwa Kazembe ustadi ulikuwepo sana, lakini ulikaa juu ya kiti, na kiti kilikuwa na jina.

KIJANA: Basi mnanifungia mlango. Mnasema niache Italia kwa kuwa ni ya watu, halafu mnasema hapa nyumbani hakuna nafasi kwa kuwa kila nafasi ina mwenyewe.

BASHIKULU: Sikusema uache. Nimesema utakaa wapi.

Mwalimu akamkumbusha mzee, kwa heshima, kwamba mkoa huu umewahi kuvaa nafsi za kubuni na haukuporomoka. Kalela, ngoma ya Wabisa wa ziwa Bangweulu, ilifika migodini Copperbelt ikiwa na "mfalme" wake aliyevaa suti, "daktari" mwenye kanzu nyeupe iliyoshonwa msalaba mwekundu, na "muuguzi" aliyezunguka na kioo na leso ili wachezaji wajitazame na kujifuta jasho. Mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliiona Luanshya na kuandika juu yake mwaka 1956. Kabla ya hapo, pwani ya Lamu na Mombasa, watu wa ngoma ya beni walikuwa na makingi na majenerali wao, wakashindana mtaa kwa mtaa kwa mavazi na vyeo mpaka senti zikawaishia.

MWALIMU: Hakuna aliyewapa wale vijana wa mgodini ruhusa ya kuwa madaktari. Na mwajiri wao hakuwaita hata mabwana. Walikivaa cheo walichonyimwa.

BASHIKULU: Na hakuna daktari aliyekufa akawaachia jina. Ndiyo maana haikuniudhi. Walivaa nguo za walio hai. Aliye hai anaweza kujitetea.

Hili la mwisho limenikaa. Nilidhani daima kwamba wafu ndio rahisi kuwaigiza, kwa vile hawaji kulalamika. Mzee analigeuza: asiyeweza kulalamika anahitaji kulindwa zaidi. Sikubaliani naye kwa yote. Hata Mutomboko, kwa sura yake ya kila mwaka yenye jukwaa na wageni wa serikali, ni kazi ya karne ya 20. Watu waliokaa wakachagua mavazi yake na mpangilio wake walikuwa wakifanya kazi anayoitaka Kijana, ingawa waliifanya wakiwa na haki ya jina. Lakini neno lake limenizuia kuandika upesi.

MAMA PWETO: Niwasaidie? Mnatafuta kiti kisicho na mwenyewe. Kipo. Ni kile cha wageni. Mtoto huyu anasema Kiswahili kizuri kuliko mimi. Mbele ya Mwata, mtu wa Kiswahili alikuwa nani?

MWALIMU: Mtu wa biashara kutoka pwani.

MAMA PWETO: Basi awe huyo.

Tazameni uso wa Kijana ulivyofunguka, maana huyo mgeni tunamjua. Livingstone alipofika kwa Kazembe Novemba mwaka 1867, alimkuta Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani, mtu mnene mwenye ndevu nyeupe na tabasamu, aliyekuwa nchini kwa zaidi ya miaka 10 na hakuachiwa kuondoka. Baadaye aliondoka, na Stanley akamkuta Ujiji mwaka 1871. Miaka yote ile aliishi kwenye ukingo wa ikulu: si mtumwa, si huru, anaheshimiwa, analindwa, anachunguzwa. Alikuwa mtu wa ikulu ambaye Castiglione angemwelewa mara moja, mtu aliyelazimika kupima kila neno kwa sababu kichwa chake kilikuwa ndani ya neno hilo. Na hakuwa na haja ya kuambiwa. Livingstone anasema langoni kulikuwa na mafuvu ya watu yapata 60, na mwadhibu wa Mwata alitembea na chombo kama mkasi kikining'inia shingoni, cha kukatia masikio.

KIJANA: Sitakuwa Mohammed mwenyewe. Mwiko ni mwiko. Nitakuwa mtu katika kundi lake. Mpagazi. Mwaka 1867. Kama ni 1867, naweza kuvaa merikani.

MWALIMU: Vizuri! Umeanza kuwa mwanahistoria. Ungechagua 1831, merikani ingekuumbua. Wamarekani walitiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na shehena za nguo ile zikafuata. Mwaka 1831 ungevaa kaniki, au nguo ya magome. Na kitenge chako hicho, hata mwaka 1867 hakimo.

MAMA PWETO: Vitenge vyangu havimo?

MWALIMU: Havimo, Mama. Samahani.

KIJANA: Na lugha? Niseme Kibemba barazani?

MWALIMU: Leo Kibemba ndicho kinachosemwa Mwansabombwe. Lakini sifa za Mwata zinapigwa kwenye ngoma ya mondo na kuimbwa kwa maneno ya kale, ya Kiluba na Kilunda, ambayo waliosimama uwanjani wengi hawayaelewi. Wewe mpagazi wa 1867 usingeelewa hata moja. Hilo ndilo gumu la nafsi ya kuvaa. Kujua watu wa zamani walijua nini ni kusoma tu. Kazi ni kusahau. Hujui kwamba ziwa hili litagawanywa na mpaka. Hujui Pweto itakuwa nchi nyingine na Nchelenge nchi nyingine. Hujui mfalme Msiri kule Bunkeya ataishia wapi. Unajua chumvi, jua na mguu wako unaouma.

Nikisikiliza hapo naona kwa nini nampenda huyu Kijana na mradi wake. Vitabu vya shule vinatupa wafalme na mwaka wa vita. Nani anatupa mguu unaouma? Mwaka 1802 hadi 1811, Waafrika wawili, Pedro João Baptista na Amaro José, walitembea kutoka Angola hadi Tete, na kwa miaka kadhaa katikati ya safari walikwama kwa Kazembe. Walivuka bara kabla ya Livingstone kuzaliwa. Ni vijana wangapi wa Luapula waliokwisha kujiuliza walikula nini mwezi wa tatu wa kukaa bila ruhusa ya kuondoka? Swali hilo halijibiwi kwa kusoma peke yake. Mtu lazima ajaribu kukaa.

MAMA PWETO: Mimi niliwasaidia, sasa niwaharibie. Wageni wale walileta nguo. Waliondoka na nini?

KIJANA: Pembe za ndovu. Shaba.

MAMA PWETO: Na?

MWALIMU: Na watu.

MAMA PWETO: Upande wetu wa ziwa kuna nyumba ambazo hawataji watu wa pwani bila kushusha sauti. Mwaka huo huo wa 1867, Tippu Tip, tajiri wa pwani, alimpiga mfalme Nsama, huku huku karibu na Mweru. Yeye alisimulia mwenyewe, kwa Kiswahili hikihiki tunachosema, "mimi" kila mahali, na haimsumbui. Basi mtoto wangu, ukisimama uwanjani ukasema kwa Kiswahili kizuri "mimi ni mpagazi wa msafara," nami niko pale na karai langu la samaki, nani kati yetu amefungwa?

MWALIMU: Mama, wapagazi wengi walikuwa wa kulipwa. Wanyamwezi walijivunia kazi hiyo.

MAMA PWETO: Najua. Na wengine hawakulipwa. Anachagua yupi?

Mwalimu alitaka kuendelea na habari za mishahara ya wapagazi, na hoja yake ilikuwa ya kweli. Nimeikata. Kuna wakati ukweli mdogo unatumika kufunika ule mkubwa, na mama huyu hakuuliza juu ya mishahara. Watengeneza nafsi wa ikulu za Italia wana ukimya wao hapa pia: katika ikulu zile walikuwemo watumwa, Waafrika na wengine, na katika mahameli yote yale yanayoshonwa sijui ni mangapi yanayoshonwa kwa ajili yao. Kila anayevaa nafsi anataka awe karibu na kiti. Hata Kijana, aliposhuka, alishuka hadi mpagazi na si hatua moja zaidi.

BASHIKULU: Nachituti naye alilazimika kuchagua. Nkuba, kaka yake na mkuu wetu Washila, alimuua mwanawe. Akavuka kwenda kwa Kazembe, akalia. Kazembe akamuua Nkuba, na Nachituti akampa kapu la udongo na chungu cha maji: ardhi yote, ziwa lote. Ndiyo hadithi tunayoisimulia. Walunda wanaisimulia kama zawadi. Mimi ni Mshila. Nikisema "mimi" katika hadithi ile, nakuwa yule ambaye ziwa lake lilitolewa. Siwezi kuchagua kuwa Kazembe kwa sababu ana kofia nzuri. Mjukuu wangu, njoo hapa. Kaa mbele yangu. Tuone kama nafsi yako inasimama.

KIJANA: Sasa hivi, Bashikulu?

BASHIKULU: Mwaka gani?

KIJANA: Elfu moja mia nane sitini na saba.

BASHIKULU: Umetoka wapi?

KIJANA: Ujiji. Tumepita... nimepita kusini, tukazunguka ziwa. Miezi mingi.

BASHIKULU: Unaitwa nani?

Kijana alitaja jina. Sitaliandika. Alilitoa polepole, na mzee alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hakuna mtu wa ziwa anayelimiliki.

BASHIKULU: Unajua kusoma?

KIJANA: Hapana.

BASHIKULU: Umebeba nini kichwani?

KIJANA: Merikani, majora mawili. Na shanga kidogo, za tajiri. Si zangu.

BASHIKULU: Ukimwona Mwata utafanya nini?

Kijana aliinama, akachota mchanga wa Kashikishi, akajipaka kifuani na mikononi, akapiga makofi taratibu. Mwalimu aliyekuwa amefungua mdomo akaufunga. Mitumbwi ya kwanza ilikuwa imeshasukumwa majini na taa zao zikaanza kuhesabika.

MAMA PWETO: Na kamba hiyo begani, baba, ni ya nini?

KIJANA: Ya mzigo.

MAMA PWETO: Mzigo uko kichwani. Umetuambia sasa hivi.

Alishika bega lake pale ambapo hapakuwa na kamba yoyote, akaliangalia.